Mlango wa Mbulu

Kila msimu wa kura za maoni za udiwani, neno moja hutawala vijiweni: "kukatwa". Mtu anaongoza kwa kura za wajumbe wa kata, kisha kikao cha juu kinakata jina lake na kumpitisha wa pili au hata wa tatu. Kadi zinarudishwa, ndugu wananuniana hadi misibani. Kwa nini ugomvi wa ndani ya chama huwa mchungu kuliko ule wa chama na chama?

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na jibu naanza kulitafuta Mbulu, mwaka 1960. Agosti ya mwaka huo Tanganyika ilichagua Baraza la Kutunga Sheria. Huko Mbulu TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, hakuridhika. Akagombea peke yake, bila tiketi ya chama, na akashinda. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Hicho kimoja kilichukuliwa na mtu wake mwenyewe. Chama hakikufa: mwaka uliofuata kiliipatia nchi uhuru.

Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja uliufunga mlango huo, ingawa uliacha dirisha. Katika uchaguzi wa wabunge, wananchi waliletewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, wachague wenyewe. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sharti la kupitia chama lilibaki, kwa mbunge na kwa diwani. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga mahakamani kuanzia 1993. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilimpa ushindi. Mgombea binafsi bado haruhusiwi.

Ndiyo maana kura ya wajumbe wachache ina uzito kiasi hiki. Kwenye kata ambayo chama kimoja hushinda daima, uteuzi ndio uchaguzi wenyewe, na aliyekatwa amebakiwa na mawili: kuhama chama au kumeza uchungu.

Sarwatt aliweza kwenda kuwauliza watu wa Mbulu. Aliyekatwa leo, hata kama kata nzima inamtaka, hana pa kuiulizia.