Gitaa la hevi metali: Namna ya kuchagua pikapu bila kuchoma hela

Una gitaa la umeme, una ampu ndogo, na unataka mlio mzito kama wa Metallica au Slayer. Unazungusha kitasa cha distosheni hadi mwisho. Kinachotoka ni mvumo kama wa friji bovu, na nyuzi nene zinavurugika kama uji. Ukiuliza, jibu la kwanza huwa moja: "Badilisha pikapu."

Huenda ni kweli. Lakini pikapu moja mpya ya chapa kubwa inaweza kufika dola 100 za Marekani au kuzidi, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa kijana wa Kibeta, Manispaa ya Bukoba, hiyo ni hela ya kufikiria mara mbili. Ukikosea, kurudisha mzigo ulioagizwa mbali ni shughuli nyingine.

Mwongozo huu unaeleza pikapu inafanya nini, ipi inafaa metali, na mambo ya kuangalia kabla pesa haijatoka mfukoni.

Pikapu ni nini?

Siyo gari la kubebea mizigo. Pikapu ya gitaa ni kile kipande kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku, na kuizunguka sumaku kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Huo mzunguko wa waya ndio koili.

Enanga ya Wahaya husikika yenyewe kwa sababu ubao wake uliochongwa kama hori hukuza sauti ya nyuzi. Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao ngumu halina uwazi wa namna hiyo. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, mkondo mdogo sana wa umeme huzaliwa kwenye koili. Mkondo huo hupita kwenye waya hadi kwenye ampu, na ampu ndiyo inayoukuza.

Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifanyi kazi kwenye pikapu ya sumaku. Hazina chuma.

Kwa nini metali inahitaji uangalifu zaidi?

Distosheni hukuza kila kitu inachopewa, kizuri na kibaya. Mpiga gitaa wa kwaya anayepiga mlio safi anaweza asiusikie kabisa mvumo mdogo wa umeme. Mpiga metali atausikia kila anapoacha kupiga.

Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo wake husikika kwenye 50 na pia kwenye 100. Uzi wa sita wa gitaa, ule mnene kuliko wote, huanzia takribani mizunguko 82, na ukibonyeza kituo cha tatu unapata kama 98. Maana yake mvumo unakaa palepale ambapo rifu za metali zinaishi.

Pikapu ya koili moja inanasa mvumo huo kama antena. Taa za tyubu, chaja za simu na transfoma ya ampu yenyewe vyote huchangia.

Hambaka: dawa ya mvumo

Mwaka 1955, Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili. Koili moja inazungushwa kinyume cha nyingine, na sumaku zake pia zinageuzwa. Mvumo unaoingia koili ya kwanza unafutwa na ule wa koili ya pili, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa.

Hiyo ndiyo hambaka. Ina mvumo mdogo, nguvu zaidi na mlio mnene. Kwa metali, hapo ndipo pa kuanzia.

Hata hivyo, metali yenyewe haikuanzia hapo. Bendi ya Black Sabbath ya Uingereza ilipokuwa ikirekodi albamu yake ya kwanza mwaka 1969, pikapu ya gitaa la Tony Iommi, aina ya Fender Stratocaster, iliharibika. Akachukua gitaa lake la akiba, Gibson SG lenye pikapu za koili moja aina ya P-90, akamalizia kazi. Albamu ilitoka Februari 1970, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa hevi metali.

Kwa hiyo pikapu inasaidia, lakini mikono ina kazi yake.

Majirani wanaipiga

Metali siyo ngeni Afrika Mashariki. Nairobi imetoa bendi kama Last Year's Tragedy, na Kampala kuna Vale of Amonition. Mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, kundi la Nairobi la Martin Khanja na Sam Karugu lililochanganya ukali wa metali na sauti za kompyuta.

Kwa mtu wa Bukoba, hilo lina faida ya vitendo. Kupitia mpaka wa Mutukula, Kampala iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Njia nyingine ni meli kutoka Mwanza. Ulizia kote, ukikumbuka ushuru wa mpakani.

Kabla ya kununua, fanya haya ya bure

Malalamiko mengi kuhusu pikapu siyo ya pikapu. Jaribu haya kwanza:

- Badilisha nyuzi. Nyuzi zenye kutu hutoa mlio uliokufa hata ukiwa na pikapu ya bei mbaya.
- Punguza distosheni. Ikizidi, noti zinapoteza umbo. Rekodi nyingi nzito zina distosheni ndogo kuliko unavyodhani.
- Rekebisha kimo. Pikapu ina skrubu mbili pembeni. Bonyeza uzi kwenye kituo cha mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu ya karibu na daraja. Gibson hupendekeza takribani milimita 1.6. Ikiwa mbali, mlio unakuwa dhaifu. Ikiwa karibu mno, sumaku inavuta nyuzi na sauti inayumba.
- Badilisha kebo. Ukiitingisha kebo na mlio ukakatika, tatizo umelipata.
- Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua kidogo unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Ukiongezeka, waya wa ndani umekatika au umeungwa vibaya.

Kama baada ya hayo gitaa bado linavuma na rifu hazisikiki vizuri, sasa zungumza habari za pikapu.

Pasivu au aktivu?

Hili ndilo swali kubwa la wapiga metali.

*Pasivu* haihitaji betri. Ni sumaku na waya tu. DiMarzio walitoa Super Distortion mwaka 1972, pikapu ya kwanza maarufu iliyouzwa kwa ajili ya kubadilishia ya kiwandani. Seymour Duncan nao wana modeli za JB, Distortion na Invader. Ukiichomeka inafanya kazi, na fundi redio mzuri anaweza kuifunga.

*Aktivu* ina saketi ndogo ndani inayokuza mkondo, na inatumia betri ya mraba ya volti 9. Inayojulikana zaidi ni EMG 81, ambayo James Hetfield wa Metallica aliitumia kwa miaka mingi kwenye daraja, na EMG 60 upande wa shingo. Ina mvumo mdogo sana, na mlio wake ni mkali, uliobana, ulio sawasawa kila unapopiga.

Betri haiishi haraka. EMG wanakadiria saa zipatazo 3,000 kwa pikapu moja. Ila ukiacha kebo imechomekwa kwenye gitaa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa. Chomoa kila unapomaliza. Mlio ukianza kukwaruza na kufifia, anza kushuku betri.

Jambo la kuzingatia: aktivu hutumia volyumu za kiloomu 25, na hambaka pasivu kwa kawaida kiloomu 500. Ukinunua aktivu peke yake bila volyumu na soketi zake, umenunua nusu ya kitu. Usichanganye aktivu na pasivu kwenye gitaa moja kama fundi hajui tofauti hiyo.

Usidanganyike na namba

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa pikapu kwa kiloomu. Hambaka za mtindo wa zamani huwa kati ya 7.5 na 8.5. Super Distortion inakaribia 14, na JB ya daraja hufika kama 16.

Namba kubwa mara nyingi huashiria nguvu zaidi, lakini siyo sheria. Waya mwembamba zaidi hupandisha ukinzani bila kuongeza nguvu kwa kiwango hicho hicho. Na nguvu ikizidi, noti za chini huziba.

Angalia pia sumaku. *Seramiki* kwa kawaida hutoa mlio mkali uliobana, unaofaa rifu za haraka za kuziba nyuzi kwa kiganja. *Alniko 5* ni laini kidogo na yenye uhai zaidi kwenye solo. Kwa thrashi na dethi metali wengi huanza na seramiki. Kwa metali ya polepole, alniko nayo inafanya kazi vizuri.

Pima shimo kabla ya kuagiza

Gitaa la mtindo wa Stratocaster mara nyingi lina mashimo membamba ya koili moja. Hambaka ya kawaida haitaingia bila kuchonga mbao.

Usichonge. Kuna hambaka nyembamba zilizotengenezwa kwa shimo hilo, kama Hot Rails ya Seymour Duncan. Ina koili mbili ndani ya umbo la moja.

Kama gitaa lako lina daraja la Floyd Rose, nyuzi zake zimeachana zaidi kidogo. Agiza pikapu ya nafasi pana, kama milimita 53 badala ya 49 au 50.

Na bajeti ikiwa ndogo, nunua moja tu, ya kwenye daraja. Rifu nyingi za metali hupigwa hapo. Ya shingo inaweza kusubiri.

Mwambie fundi: rangi za waya hazifanani

Hambaka nyingi za kisasa zina nyaya nne za rangi, na kila kampuni ina mpangilio wake. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndiyo njia ya mlio, kijani inaenda ethi, nyekundu na mweupe zinaungwa pamoja. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo njia ya mlio, kijani inaenda ethi, mweusi na mweupe zinaungwa pamoja.

Fundi akifuata mazoea ya redio kwamba mweusi ni ethi, pikapu nzuri itaonekana mbovu. Mpelekee mchoro wa kampuni kwenye simu.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na multimita. Kama pikapu pasivu bado iko kwenye gitaa, chomeka kebo, fungua volyumu yote, kisha pima ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Ukipata namba karibu na ile ya kampuni, koili ni nzima. Mita ikionyesha hakuna njia, waya umekatika mahali.

Halafu washa ampu, igonge pikapu polepole kwa bisibisi. Lazima isikike "tak". Ikipiga mluzi kila unapoongeza sauti, huenda nta ya ndani inayoshika waya haipo au imeyeyuka.

Kipimo hiki cha ukinzani hakifai kwa aktivu. Na kwa kuwa EMG bandia zipo sokoni, inayouzwa kama aktivu lakini inafanya kazi vilevile bila betri, iache.

Hili ni la uhai

Kwenye gitaa lenye pikapu pasivu, nyuzi huungwa na ethi ya ampu ili kupunguza mvumo. Kama umeme wa nyumba au ukumbi hauna ethi, na ampu ina hitilafu, nyuzi zinaweza kuwa na umeme. Ukigusa maikrofoni kwa mdomo huku umeshika gitaa, mkondo unapita mwilini.

Siyo vitisho. Mei 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani Swansea, Uingereza, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi.

Kwa hiyo usikate pini ya tatu ya plagi ili mvumo upungue. Ukihisi hata mshtuko mdogo, zima, ita fundi umeme apime ethi. EMG wao huelekeza waya wa ethi wa nyuzi usiunganishwe kabisa, jambo linalopunguza hatari kupitia nyuzi. Lakini soketi na vitasa vya chuma bado vinaguswa, hivyo ethi nzuri inabaki kuwa lazima.

Kwa ufupi, uchukue ipi?

- Bajeti ndogo, gitaa la kuanzia: hambaka pasivu moja ya seramiki, kwenye daraja.
- Gitaa lenye mashimo membamba: hambaka nyembamba. Usichonge mbao.
- Unapiga sehemu zenye mvumo mwingi, na betri za volti 9 unazipata: aktivu, pamoja na volyumu na soketi zake.
- Unapiga metali, kwaya na dansi kwa gitaa moja: pasivu ya nguvu ya wastani yenye alniko 5.
- Hujabadilisha nyuzi mwaka mzima: usinunue pikapu. Nunua nyuzi.