Safu ya Lugha: Kujifungua

Katika neno kujifungua, kiambishi ji kinaonyesha kuwa mtendaji na mtendwa ni mmoja: mama mwenyewe. Wa kwanza tumboni mwake ni kifungua mimba, wa mwisho ni kitinda mimba, lakini kila mara anayejifungua ni mama. Sasa sikiliza mazungumzo ya wodini: "Amezalishwa saa nane." Sentensi ni sahihi, na wapo wanaozalishwa kweli, kwa upasuaji au kwa mikono ya ujuzi hatari inapoingia. Sina ugomvi na hilo, huokoa maisha. Lakini aliyesukuma kwa nguvu zake asipokonywe kitenzi chake.

Mkunga mzuri analijua hili. Uzazi ukienda salama, humwacha mama atembee, abadili mkao, anywe maji, akandwe kiuno, huku yeye akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuchunga damu isizidi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo ya mwaka 2018, linapendekeza mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe kando yake wakati wa uchungu. Dada, mama, mume, yeyote anayemtuliza.

Pwani, akishajifungua huitwa mzazi, na wanawake wa nyumbani humlea siku 40: maji ya moto ya kumkandia, uji wa pilipili manga, nguo kufuliwa na wengine. Uchagani hupikiwa mtori.

Wanahabari wenzangu, andikeni "alijifungua". Na mkimkuta mama ana nguvu ya kuzungumza, mwulizeni yeye ilivyokuwa kabla ya kumwuliza daktari.