Ramani ya Mahali Pasipojulikana

Katika mwaka wa 1896 Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alitoa huko Leipzig kitabu juu ya kisiwa cha Mafia pamoja na ramani yake. Zama hizo mpima nchi alitegemea dira, saa na miguu yake; na kijiji kama Kirongwe, kilicho chini ya minazi, hakikujulikana ila kwa kupitwa njia kwa njia. Hata akiwa na wapagazi wengi, mchoraji alikuwa mmoja. Basi vipande vya ramani havikupata nafasi ya kugombana.

Ugomvi huo ulidhihirika Novemba 2010 mjini Adelaide, Australia. Idara za ulinzi za Australia na Marekani zilifanya mashindano ya makundi ya roboti zijiendeshazo, zichore eneo lenye majengo, la kiasi cha mita 500 kwa 500, ambalo hazikupata kuliona. Roboti huhesabu mizunguko ya magurudumu yake na kupima kuta kwa mwali wa leza. Gurudumu likiteleza kidogo, hesabu hupotoka. Na upotofu huo hujilimbikiza hata ukuta ulionyoka ukaonekana umepinda. Roboti mbili zikiingia nyumba moja kwa milango miwili, ramani huonyesha nyumba mbili. Na ndani ya nyumba setilaiti hazisaidii.

Kundi la Chuo Kikuu cha Michigan, lililoshinda kwa roboti 14, lilikuwa na dawa nyepesi kuliko mtu angalivyodhani: kila roboti ilibandikwa alama ya miraba myeusi na myeupe, isiyofanana na ya mwenzake. Zilipokutana zilitambuana, kila moja ikajua mwenzake yuko wapi. Habari za safari mbili zikafungwa fundo mahali hapo, na makosa ya nyuma yakasahihishwa kuanzia fundo hilo.

Dar es Salaam, tangu 2015, mradi wa Ramani Huria ulitumia wanafunzi na wenyeji badala ya roboti. Setilaiti ziliwaunganishia vipande. Kazi iliyobaki ilikuwa kuuliza mtaro upi hufurika, na maji hufika wapi, jambo lisiloonekana siku ya jua.

Huko Kirongwe mashine ingeweza kupima kila mnazi, ingawa mashina yafananayo yangeisumbua sana. Lakini Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, alikuta kwamba mnazi waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake ikawa na wenyewe wengine. Mpaka huo hauna ukuta wa kurudisha mwali. Mpimaji hana budi kuwauliza wazee, tena wa pande zote mbili.