Tarakilishi Iliyofundishwa Kusoma: Historia Fupi ya NELL

Wataalamu wa kwanza waliotaka tarakilishi ijue mambo ya dunia walikuwa wakiilisha kwa mkono. Mwaka 1984, huko Texas, Marekani, Douglas Lenat alianzisha mradi wa Cyc, ambamo watu waliandika, hoja baada ya hoja, yale ambayo hata mtoto huyajua bila kufundishwa. Kazi hiyo ilikula miaka mingi wala haikuisha. Maarifa ya binadamu, hata hivyo, yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa wingi mahali pengine. Ilibaki mashine iyasome yenyewe.

Njia ilionyeshwa mwaka 1992 na Marti Hearst, aliyebainisha kwamba miundo fulani ya sentensi za Kiingereza hufichua uhusiano wa maneno. Ndivyo ilivyo hata katika Kiswahili: asomaye "miji kama vile Kisumu na Lamu" hujua kuwa Lamu ni mji, hata kama hajapata kufika huko.

Mnamo Januari 2010, Tom Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, waliiwasha NELL, programu iliyokusudiwa kusoma Kiingereza cha intaneti usiku na mchana bila kikomo. Ilipewa aina 123 za vitu, kama vile miji na makampuni, na aina 55 za mahusiano, pamoja na mifano michache ya kuanzia. Kisha ikafunguliwa kurasa milioni 500. Mifano iliipatia miundo ya sentensi, nayo miundo ikaipatia mifano mipya.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwani kosa likikubaliwa huzaa wenziwe. Wabunifu walilijua hilo, wakaweka vizuizi: kilichokwisha kuitwa mji kisiitwe tena mnyama. Vizuizi vilisaidia, lakini havikutosha. Baada ya siku 67 NELL ilikuwa na hoja 242,453, ambazo asilimia 74 hivi zilikadiriwa kuwa sahihi. Ajabu ni kwamba usahihi wa hoja mpya ulikuwa asilimia 90 katika theluthi ya kwanza ya safari hiyo, na 57 tu katika theluthi ya mwisho. Mwanafunzi huyu alizidi kukosea kadiri alivyozidi kusoma!

Kisa kimoja chatosha. Katika Kiingereza neno moja hutaja biskuti na pia kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiacha katika tarakilishi ya msomaji. NELL iliiweka kumbukumbu hiyo katika kundi la vitu vya kuokwa. Halafu, ilipokuta kwamba watu hufuta kumbukumbu hizo kama wafutavyo mafaili, iliamua kuwa mafaili nayo huokwa.

Kuanzia Juni 2010 watafiti walilazimika kuipitia kazi yake, dakika tano hivi kwa kila aina, kila baada ya majuma mawili. Kufikia taarifa yao ya 2018, hoja zilikuwa milioni 120, kila moja na kipimo cha kiasi inachosadikika. Wenyewe waliziita imani, na jina hilo lilikuwa la haki.