Ufundishaji wa historia nchini Rwanda
Ufundishaji wa historia nchini Rwanda ulichukua sura mpya baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kabla yake, vitabu vya shule vilirithi nadharia ya kikoloni iliyowaita Watutsi wageni kutoka kaskazini, na walimu waliwasimamisha wanafunzi darasani kwa makabila yao. Shule yenyewe, basi, ilipalilia chuki. Baada ya mauaji, serikali ilisitisha somo la historia ya nchi kwa miaka kadhaa. Mtaala unaojenga umahiri, uliozinduliwa 2015, umeyaingiza mauaji hayo katika masomo. Wakosoaji hulalamika kwamba simulizi rasmi haliachi nafasi ya kutosha kujadili uhalifu unaodaiwa kufanywa na askari wa RPF (Rwandan Patriotic Front), kundi lililoshika madaraka baada ya mauaji hayo.