Vilima Vilivyoulisha Mji

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya uwanja wa ndege, akaupita uwanja wenyewe, akaiacha nyuma Gongo la Mboto na makelele ya makondakta wake, hufika mahali ambapo njia iliyokuwa imelala kama mkeka tangu ufukweni huinuka ghafula. Gari hubadili sauti, upepo hupata ubaridi kidogo, na udongo uliokuwa mchanga wa kijivu hugeuka ukawa mwekundu. Hapo ndipo penye Pugu. Vilima vyake si virefu, maana vilele havizidi sana mita 300 juu ya usawa wa bahari, na mzaliwa wa Lushoto au wa Moshi angeona haya kuviita milima. Lakini katika mwambao uliolala kiasi ambacho hata kichuguu huonekana kwa mbali, inuko kama hilo ni jambo la kutajwa. Na asimamaye juu yake asubuhi mapema, kabla vumbi na moshi havijapanda, huuona mji umetandazwa chini yake kwa upande wa mashariki, na nyuma ya mji utepe mwembamba wa bahari.

Nimekuwa nikizikusanya habari za vilima hivi kwa muda mrefu, aghalabu vipande vipande, mara kutoka vitabu vya wasafiri, mara kutoka vinywa vya wazee wa Kisarawe, na jambo moja limenidhihirikia: mji ulio chini haukuacha kamwe kula kutoka Pugu, na kila zama zilijichagulia chakula chake.

Msitu wa Pugu, pamoja na ndugu yake wa Kazimzumbwi anayepakana naye, ni masazo ya misitu ya pwani ambayo vipande vyake hutokea hapa na pale tangu kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Wataalamu wa mimea huuhesabu miongoni mwa misitu ya kale sana, kwa kuwa ndani yake mna viumbe visivyopatikana popote duniani ila katika misitu michache ya upande huu wa Afrika. Mmoja wao ni sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga uliosahauliwa na tembo, mgongo mweusi na ubavu wa rangi ya kutu, ambaye hupita akifukua majani makavu kwa pua hiyo kutafuta wadudu, na akisikia mguu wa mtu huruka akatoweka, ukabaki mtikisiko wa majani peke yake. Nimemwona mara moja tu, na hata mara hiyo nilipata kuuona mgongo.

Chakula cha kwanza kilikuwa sandarusi. Msandarusi ni mti wa misitu hii ya pwani, nao hutoa utomvu ambao, ukidondoka chini, mti wenyewe ukafa ukaoza, na karne zikapita, hubaki umezikwa katika mchanga mwekundu na kugeuka kitu kigumu kama kioo, rangi ya asali, pengine na chungu au mbu ndani yake aliyenaswa zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Wazaramo, wenyeji wa nchi hii, waliichimba mvua zikiisha kulainisha ardhi, kwa jembe na kwa mikono, mashimo madogo madogo yasiyo na mpango. Mtu akipata vipande vyake huvitia katika kikapu, akashuka navyo pwani kwa mfanyabiashara wa Kihindi, akarudi na nguo au chumvi. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Uzaramo mwaka 1857 akienda kutafuta maziwa makuu, aliiandika biashara hiyo kwa kirefu, na alikasirika, kama ilivyokuwa desturi yake kukasirika, kwa kuona watu wakichimba kidogo na kupumzika sana. Hakujiuliza kwa nini mtu avunje mgongo ilhali bei hupangwa na mwingine.

Zanzibar ndiko sandarusi ilikosafishwa na kuchaguliwa. Ile bora, iliyokaa ardhini muda mrefu, ikiisha kuoshwa ukoko wake ukatoka, uso wake huonekana umejaa vipele vidogo vidogo, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Na huo ndio uliokuwa muhuri wake, maana ile mbichi itokayo mtini haina vipele hivyo. Kati ya hizo mbili ilikuwapo ya tatu, iliyozikwa lakini haijakomaa, nayo watu wa pwani waliiita chakazi. Wafanyabiashara wa Kizungu, ambao ndimi zao hazikuliweza jina hilo, waliligeuza likawa jina la punda katika lugha yao, na kwa jina hilo la punda ikaandikwa katika daftari za biashara. Kutoka Unguja marobota yalikwenda Hamburg, na Salem huko Marekani, yakayeyushwa kwa mafuta ya moto, yakawa vanishi ya kupaka magari ya farasi na samani za matajiri. Iliitwa sandarusi ya Zanzibar, ingawa iliyo bora ilitoka bara. Hivyo ndivyo aliyechimba alivyokosa hata jina la alichokichimba.

Utajiri huo ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyomvuta Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipoanza katika miaka ya 1860 kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima na kuupa jina la salama. Alitaka bandari yenye kina, na nyuma ya bandari nchi ya kutoa bidhaa. Lakini mauti yalimchukua mwaka 1870 kabla kazi haijakamilika, na ndugu yake Sayyid Barghash hakuwa na raghba na mji ule. Majumba yakaanza kuota magugu, misafara ikaendelea kupitia Bagamoyo, na kwa muda msitu ukawa na nguvu kuliko mji. Katika miaka hiyo sandarusi ilipata mwenzi: utomvu wa mbungo, ule mtambaazi ambao watoto wa pwani huujua kwa matunda yake ya uchachu, ulipoonekana kuwa ni mpira, Wazaramo wakaanza kuukata na kuuviringa mipira mipira na kushuka nao pwani kwa njia zile zile.

Wageni wa kwanza waliotaka kukaa Pugu, wala si kuchukua na kuondoka, walikuwa Wabenediktini wa Kijerumani kutoka St. Ottilien katika Bavaria, waliofika pwani mwanzoni mwa 1888 na kujenga misheni yao juu ya vilima, mbali na homa za ufukweni. Walichagua mahali pazuri na wakati mbaya. Mwaka huo huo kampuni ya Kijerumani ilijitwalia bandari na forodha, ikazitendea bendera na desturi za watu kwa dharau, na pwani yote ikawaka chini ya uongozi wa Bushiri bin Salim wa Pangani. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa vita hivyo walipanda Pugu, wakaichoma misheni, wakawaua mabruda wawili na sista mmoja, na wengine wakachukuliwa mateka, wakakombolewa baadaye kwa fidia. Bushiri mwenyewe alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Kwa maoni yangu waliokufa Pugu walilipa deni ambalo hawakulikopa wao, lakini ni vigumu kumtaka mtu anayeona nchi yake ikitwaliwa asimame kupambanua kati ya Mjerumani wa forodha na Mjerumani wa sala, hasa wote wawili walipokuwa wameshuka kwa merikebu za taifa moja. Wabenediktini walihamia mjini, baadaye wakaenea kusini mpaka Peramiho na Ndanda, na Pugu ikakaa kimya.

Kimya hicho hakikudumu. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam, na kikwazo cha kwanza walichokutana nacho, kabla ya mito na mbuga zote zilizowangoja, kilikuwa vilima hivi. Wakavipanda, mwaka 1907 wakafika Morogoro, na mwaka 1914 wakafika Kigoma. Katika ardhi ya Pugu kulionekana pia udongo mweupe, ule uitwao kaolini, ambao hufinyangwa vyombo vya kaure na hutiwa katika karatasi ili ing'ae. Mahandaki yaliyochimbwa kuutafuta bado yapo, na wenyeji wake siku hizi ni popo. Jua likishatua, kabla giza halijashika, mtu aliyekaa mbele ya mdomo wa handaki husikia kwanza harufu, kisha sauti kama kitambaa kinachopasuliwa polepole, kisha popo huanza kutoka, wachache, halafu mfululizo, mfano wa moshi uliopata uhai, wakapinda juu ya miti kuelekea bondeni ambako matunda na wadudu wanawangoja. Haya nayo ni mashuko ya Pugu, na ndiyo pekee ambayo hurudi nyumbani alfajiri bila kupungua.

Walakini watu wengi wa Tanzania waijuao Pugu hawaijui kwa sandarusi wala kwa popo. Wanaijua kwa shule. Wakatoliki walijenga hapo chuo cha St. Francis, na mwaka 1953 akaja kufundisha kijana aliyekuwa ametoka Edinburgh na shahada yake, Julius Kambarage Nyerere, ambaye mwaka huo huo alichaguliwa rais wa chama cha TAA. Mchana alikuwa darasani, na siku zisizo za kazi alikuwa mjini kwenye mikutano; na wazee husimulia kwamba safari hiyo, ambayo ni zaidi ya maili kumi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mara nyingi aliifanya kwa miguu. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ilizaliwa upya kwa jina la TANU. Mwezi Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, na aliporudi ilimbidi achague kati ya chaki na siasa, maana shule haikuweza kuendelea kuvistahimili vyote viwili katika mtu mmoja. Alijiuzulu mwezi huo huo, akashuka kutoka Pugu. Lile jina la Mwalimu, ambalo kwa wengine ni kazi na kwake likawa kama jina la ukoo, hakulipata ikulu, alikwenda nalo. Na barabara aliyoikanyaga, iliyoitwa Barabara ya Pugu katika ramani za mji, leo inaitwa Barabara ya Nyerere.

Mkoloni aliondoka akiwa amekwisha kuuwekea msitu mipaka na sheria. Lakini mpaka juu ya karatasi hauna mbwa. Mji uliokuwa na watu wachache ukawa na malaki, kisha mamilioni, na kila jioni kila uani kukawa na jiko. Mkaa ndio ukawa sandarusi ya zama zetu. Tanuri lake hujengwa kwa magogo yaliyopangwa, yakafunikwa nyasi, nyasi zikafunikwa udongo, moto ukatiwa kwa upenyo mdogo. Kisha mchomaji hukesha siku kadhaa akiulinda, akiziba kila ufa, maana moto ukipata hewa atavuna majivu. Na huujua moshi kwa rangi, ukiwa mweupe mzito bado mti una maji, ukififia kuwa buluu mkaa umeiva. Magunia hujazwa lumbesa, yakasokotwa nyasi mdomoni, yakafungwa mawili matatu nyuma ya baiskeli, siku hizi na pikipiki, na mwendeshaji huteremka usiku wa manane akiburuta miguu chini kwa kuwa breki peke yake haiwezi mzigo huo. Siwezi kumlaumu kwa wepesi. Anayemlaumu na afikiri ni nani aliyepika wali wake jana.

Fauka ya mkaa, walifika watu waliotaka mashamba na viwanja, na Kazimzumbwi hususan iliumia, ikakatwa ikabaki vichaka. Miaka ya karibuni serikali imeiunganisha misitu hii miwili ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, daraja ya juu ya ulinzi wa misitu, na wageni hulipa kiingilio waende kutembea chini ya miti. Nje ya hifadhi, Pugu ina mnada mkubwa wa ng'ombe, ambao hushushwa kutoka bara ili wapelekwe machinjioni Vingunguti, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huvipita vilima kwa kasi ambayo abiria akiinama kuokota simu yake amekwisha kuvipita.

Kimesalia chakula kimoja ambacho sikukitaja, nacho ndicho kilichotangulia vingine vyote. Mto Kizinga, ambao mtambo wa Mtoni umeuchota miaka mingi kuwanywesha watu wa mji, huanzia katika vilima hivi. Kadhalika Msimbazi. Msitu ukiwapo, mvua ya masika hunyeshea majani kwanza, majani huitoa kwa udongo polepole, na mto hupata riziki yake hata kiangazi. Msitu ukiondoka, maji hushuka yote kwa siku moja na udongo mwekundu juu yake. Mimi nimesimama penye daraja la Jangwani baada ya mvua kubwa ya usiku, barabara ya Morogoro imefungwa, watu wamepandisha magodoro juu ya mapaa, na maji yaliyokuwa yakipita chini yangu kwenda baharini yalikuwa na rangi ile ile ya njia ipandayo Pugu.