Mkono Juu ya Kichwa

Baba yangu alianza shule mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu alimsimamisha mlangoni, akamwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Vidole havikufika. "Rudi nyumbani ukue kwanza," akaambiwa, naye akarudi kuchunga ng'ombe mwaka mzima. Mara ya pili sikio lilishikika, akaandikwa darasa la kwanza. Siku hiyo mwalimu alimpa pia mwaka wa kuzaliwa, aliokadiria kwa kumwangalia tu, na mpaka leo kitambulisho cha mzee kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Ukimwuliza, anacheka. "Hiyo ni ya serikali. Mama yangu alisema nilizaliwa wakati wa palizi."

Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliufanya mtihani huo. Mimi huukumbuka kila mara ugomvi wa umri unapozuka katika soka ya vijana, na ugomvi huo hauishi. Mashindano ya dunia ya timu za taifa za vijana yamesimama juu ya jambo moja ambalo mwanzoni lilionekana dogo: kwamba kila mtoto anajua tarehe aliyozaliwa, na kwamba imeandikwa mahali.

FIFA walianza na vijana wa chini ya miaka 20, nchini Tunisia mwaka 1977, na Muungano wa Sovieti ukatwaa kombe. Miaka minane baadaye wakaja wadogo zaidi. Mwaka 1985 timu 16 zilikutana China kwa mashindano ya kwanza ya chini ya miaka 16. Umri huo ulipandishwa kuwa 17 mwaka 1991, na ndipo tukapata jina tunalolijua leo.

Fainali ya 1985 ilichezwa Beijing, Nigeria dhidi ya Ujerumani Magharibi. Nigeria walishinda 2-0. Nahodha wao, Nduka Ugbade, akawa Mwafrika wa kwanza kuinua kombe la FIFA. Jonathan Akpoborie, aliyefunga moja ya mabao hayo, baadaye alikwenda kuchezea vilabu vya Ujerumani hiyohiyo. Hebu fikiria furaha ya Lagos siku ile. Timu za wakubwa za Afrika zilikuwa bado zinahesabiwa wasindikizaji kwenye Kombe la Dunia, na hapa vijana walikuwa wamerudi nyumbani na kombe lenyewe.

Lakini furaha ilifuatwa na minong'ono. Huyu ana ndevu. Yule ana watoto nyumbani. Minong'ono ikageuka kesi mwaka 1989, FIFA walipogundua kwamba tarehe za kuzaliwa za wachezaji watatu wa Nigeria waliokwenda Olimpiki ya 1988 hazikulingana na zile zilizoandikwa kwao katika mashindano ya awali. Nigeria walifungiwa miaka miwili katika soka ya vijana. Walikuwa wamepewa pia uenyeji wa mashindano ya chini ya miaka 20 ya mwaka 1991; wakanyang'anywa, yakapelekwa Ureno. Wareno wakayashinda nyumbani kwao na kizazi cha Luís Figo na Rui Costa. Kwa hiyo hesabu ya tarehe ilibadilisha hata mahali historia ilipotokea.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo husahaulika kwenye vijiwe vya soka. Adhabu kali zaidi ya miaka ile haikuangukia Afrika. Mwaka 1988 Meksiko walipatikana wamechezesha wachezaji wanne waliopita umri katika mechi za kufuzu za vijana. Walifungiwa miaka miwili, timu zote, hata ya wakubwa. Walikosa Olimpiki ya Seoul na Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Udanganyifu wa umri hauna kabila wala bara. Hata hivyo sifa mbaya ilibaki kwetu, na sababu moja ni kwamba tulishinda sana. Mpaka mwaka 2025 mashindano ya chini ya miaka 17 ya wanaume yamefanyika mara 20. Nigeria wameyatwaa mara tano, Ghana mara mbili. Kwa upande wa wakubwa, Morocco ndiyo iliyofika mbali kuliko timu zote za Afrika, nusu fainali, na hiyo ilikuwa 2022. Wenye shaka huuliza: wale mabingwa wa miaka 16 huenda wapi? Sehemu ya jibu ni mashirikisho yanayokula pesa, viwanja vibovu na mawakala wanaomtupa kijana Ulaya akivunjika goti. Lakini tusijidanganye: sehemu nyingine ya jibu ni kwamba baadhi yao hawakuwa na miaka 16.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kijana aliyecheza Beijing mwaka 1985 alitakiwa awe amezaliwa karibu na 1969. Mwaka huo Nigeria ilikuwa katikati ya vita vya Biafra. Nani alikuwa anaandika tarehe? Na hapa kwetu? Usajili wa kuzaliwa ulianza mwaka 1904 chini ya Waingereza, lakini ulikuwa wa Wazungu kwanza, kisha Wahindi. Mwafrika alihesabiwa ili alipe kodi ya kibanda. Siku yake ya kuzaliwa haikuwa na kazi kwa mkoloni. Usajili wetu ulijaribiwa Nairobi na Nyeri mwaka 1963, ukasambaa polepole, na haukuenea nchi nzima mpaka 1971.

Si kwamba watu wetu hawakuwa na kumbukumbu ya wakati. Walikuwa nayo, ila haikuwa ya kalenda ya ukutani. Mluhya anayeitwa Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno, Wafula wakati wa mvua. Mjaluo Onyango alizaliwa asubuhi jua likipanda, Atieno usiku. Jina linakwambia msimu, linakwambia hata saa. Halikwambii mwaka. Mwaka ulikaa kwenye rika: ulitahiriwa na nani, kabla ya njaa gani. Mfumo huo ulitosha kabisa kujua nani amwamkie nani. Haukuundwa kumwambia afisa aliyeketi Zürich kama umepita umri kwa miezi minne.

Na pale penye pengo, mjanja hupenya. Tarehe ambayo haipo inaweza kutungwa, na ikishatungwa mara moja inaweza kutungwa tena. Magazeti ya Tanzania yana neno zuri kwa mchezaji wa namna hiyo: kijeba. Huku Kenya, kwenye michezo ya shule, tunawaita mamluki, yaani wale wanaoletwa muhula wa pili wakiwa na sare mpya na sauti nzito, ambao hakuna aliyewahi kuwaona darasani. Nilisoma na mmoja. Shabiki mmoja wa wapinzani alipiga kelele, "Ref, huyo si mwanafunzi, huyo ni mzee wa nyumba kumi!" Tulicheka wote, hata sisi wenyewe. Tulishinda mechi ile.

Aliyekuwa hacheki ni mwenzangu wa dawati moja. Yeye ndiye aliyevaa jezi namba saba muhula wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mguu wa kushoto kama umepakwa asali. Mamluki alipokuja, mwalimu wa michezo alimwambia asubiri mwaka ujao. Mwaka uliofuata akaletwa mamluki mwingine. Mwenzangu aliacha mpira bila kumwambia mtu, kama vile mtu anavyoacha sukari kwenye chai. Tunapozungumza juu ya udanganyifu wa umri huwa tunawatazama walioingia. Aliyeibiwa amesimama nje ya mstari, naye ana umri sahihi.

Kwa kuwa karatasi hazikuaminika, FIFA walifanya kile alichofanya mwalimu wa baba yangu: waliuuliza mwili. Safari hii hawakuuliza sikio, waliuliza kifundo cha mkono. Mfupa wa mtoto una gegedu karibu na ncha yake, na hapo ndipo mfupa hurefukia. Utu uzima ukikaribia, gegedu hilo hugeuka mfupa na pengo hufungika. Picha ya MRI huonyesha pengo hilo bila mionzi ya eksirei, ambayo si vizuri kumpiga mtoto asiye mgonjwa. Madaktari waliwapima vijana wenye umri unaojulikana kutoka mabara kadhaa, wakapanga kufungika huko katika ngazi sita. Ngazi ya sita, pengo limeziba kabisa, haipatikani kwa zaidi ya asilimia moja ya vijana walio chini ya miaka 17. Kipimo hicho kilianza kutumika mwaka 2009, katika mashindano yaliyofanyika, sijui niseme kwa bahati au kwa makusudi, nchini Nigeria. Wenyeji waliwaacha wachezaji kadhaa baada ya picha hizo, na bado wakafika fainali, wakafungwa 1-0 na Uswisi mjini Abuja.

Lakini MRI haisomi tarehe. Inasema tu kama mfupa umefunga. Kijana wa miaka 19 anayechelewa kukua anaweza kupita, na wa miaka 16 aliyewahi kukomaa anaweza kurudishwa nyumbani akiwa na cheti chake halali mkononi. Ni sikio lilelile la mzee wangu, ila sasa lina mashine ya mamilioni.

Majirani zetu Watanzania wanajua pande zote za jambo hili. Katika kufuzu fainali za Afrika za 2017, Serengeti Boys walishinda Congo-Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 Brazzaville, wakatolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Tanzania wakalalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF wakamwita apimwe MRI, hakutokea. Congo wakaondolewa, Serengeti Boys wakaenda Gabon. Huko walitoka sare na Mali, wakawafunga Angola, kisha wakafungwa 1-0 na Niger. Bao moja tu ndilo lililowazuia kufika nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia nchini India.

Miaka miwili baadaye fainali hizo zilichezwa Dar es Salaam. Guinea walifika fainali, wakashindwa na Cameroon kwa penalti. Kisha ikabainika kwamba wachezaji wao wawili walikuwa wamewahi kucheza mashindano ya vijana huko Japan mwaka 2017 kwa tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea wakavuliwa medali, na Senegal wakaenda Kombe la Dunia la Brazil badala yao. Tazama kilichowanasa: karatasi mbili za mtu mmoja zilizokutana.

Hilo ndilo ninalolichukua kutoka historia hii yote. Mashine haitatuokoa. Kitakachomlinda kijana wa miaka 16 ni tarehe iliyoandikwa siku anayozaliwa, kabla mtu yeyote hajajua kama ana mguu wa kushoto. Karani wa usajili katika kituo cha afya, yule tunayemlalamikia kwa foleni, ana kazi kubwa katika soka kuliko tunavyodhani. Cheti kikiandikwa wakati mtoto bado ananyonya, hakuna kocha anayejua bado kwamba angetaka kukibadilisha.

Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, waliwatoa Burundi kwa jumla ya mabao 5-0 katika mechi mbili, wakawa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote. Oktoba wakaenda Jamhuri ya Dominika na kocha Mildred Cheche. Waliotakiwa ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2007, kizazi ambacho kwetu kilidaiwa cheti cha kuzaliwa wakati wa kuandikishwa mtihani. Walifungwa 2-0 na Uingereza, wakafungwa 3-0 na Korea Kaskazini, ambao ndio waliobeba kombe mwishoni. Kisha wakawashinda Meksiko 2-1, na wakarudi nyumbani na ushindi wa kwanza wa Kenya kwenye jukwaa hilo.

Nilimsimulia mzee matokeo. Akauliza wana miaka mingapi. Nikamwambia kumi na sita, wengine kumi na saba.

"Na mimi," akasema, "ningeruhusiwa kucheza mwaka gani?"

Tukatoa kitambulisho chake, tukaanza kuhesabu. Yeye akahesabu kwa palizi, mimi kwa Januari. Mpaka chai ikapoa hatukuwa tumekubaliana.